Waumini wameongezeka, je, wamekua?

Shalom, mzee wa kanisa. Unauliza usharika uweke lengo gani mwaka huu, maana mabenchi yamejaa lakini kila kazi inamwangukia mchungaji, na kwaya ina wawili wasiosalimiana.

Soma Waefeso 4:11-12 polepole: wachungaji na walimu walitolewa wawaandae watakatifu, yaani waumini wote, nao watakatifu ndio wafanye huduma. Kwenu imegeuzwa. Mimi ningeanzia kwenye jumuiya, vile vikundi vya waumini vinavyokutana majumbani, si semina (wali wa semina tumeshakula wa kutosha). Kwetu kila nyumba ilishika zamu ya kuongoza neno. Mama mmoja muuza mboga alitetemeka hadi Biblia ikamdondoka. Leo ndiye anayetangulia wodini kuwaombea wagonjwa. Harambee ya jengo isubiri kidogo. Wale wawili wa kwaya wapatanishwe kabla ya Pasaka.