Mzee anatetemeka jioni tangu abadilishiwe dawa ya sukari: angalieni kwanza za zamani

Mkuu, pole sana kwa kumuuguza mzee. Umesema ana kisukari aina ya pili, kliniki wamembadilishia dawa, sasa anakunywa kidonge kimoja chenye metformini na glimepiridi ndani yake, na nyumbani bado zipo metformini na glibenklamidi za zamani. Ikifika jioni anatoka jasho, anatetemeka, anaongea mambo yasiyoeleweka. Unauliza kama dawa mpya imemkataa.

Mimi si daktari. Nimemuuguza mama yangu hapa Temeke miaka mingi na hali hiyo naifahamu: inafanana na dalili za sukari kushuka mno. Kabla hujailaumu dawa mpya, hakikisha za zamani hazimezwi tena.

Kwa mama ilikuwa hivyo hivyo. Alipoanza kulegea kila ikikaribia magharibi, nilimwaga mfuko wake wote wa dawa juu ya mkeka. Kulikuwa na boksi jipya, jina la biashara limeandikwa kubwa, na chini yake kwa herufi za kukodolea macho: glimepiridi 2 mg, metformini 500 mg. Pembeni kulikuwa na bahasha ya duka la dawa iliyoandikwa kwa peni "1x2" na hakuna kingine. Ndani yake kipande cha pakiti kilichokatwa kwa mkasi hadi jina likabaki nusu, "Gliben". Aliyemuuzia hakumwambia kwamba boksi jipya linachukua nafasi ya vile vingine, kwa hiyo alikuwa anakunywa vyote, asubuhi na jioni, kwa uaminifu kabisa.

Sasa elewa kwa nini ni hatari. Metformini inapunguza sukari inayotengenezwa na ini na kuusaidia mwili uitumie vizuri insulini yake, yaani homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Ikiwa peke yake, ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi, glimepiridi na gliklazidi ni za kundi moja na kazi yake ni nyingine: zinalisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Dawa mbili za kundi hilo hazinywewi pamoja. Kidonge cha mseto chenyewe ni kizuri, kinapunguza wingi wa vidonge na mgonjwa hasahau ovyo. Tatizo ni kwamba jina la biashara linaficha kilichomo. Wafundisheni wote nyumbani, hata binti wa kazi, kusoma yale maandishi madogo.

Halafu chakula. Kidonge hicho kinamezwa na mlo wenyewe, sahani ikiwa mbele yake, na chai ya rangi peke yake haitoshi. Sisi mama akiwa na safari ya mjini anatembea na mkate na soda ya kawaida ndani ya pochi, maana foleni ya Kilwa Road haijali kwamba muda wako wa kula umefika. Kama mzee anafunga Ramadhani, azungumze na daktari mapema, dozi na muda vinapangwa upya.

Kuna jambo ambalo naomba ulishikilie sana: figo. Zikichoka, dawa za kundi la glibenklamidi zinakaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka hata usiku wa manane akiwa amelala. Metformini nayo hupunguzwa au kusimamishwa kulingana na majibu ya figo. Kwa umri wa mzee, ulizeni kipimo cha kreatinini, kile cha damu kinachoonyesha hali ya figo, kilifanyika lini mara ya mwisho. Kwa mama hicho ndicho kilichofanya daktari abadilishe mpango mzima, na naona kilipaswa kutangulia. Vilevile msinunue antibiotiki kama Septrin au sipro dukani bila kusema anakunywa dawa gani za sukari, maana zikikutana na kundi hilo zinaweza kuishusha zaidi. Pombe akiwa hajala ni hivyo hivyo. Akitapika au kuharisha hadi hali chakula, msiendelee na dozi kama kawaida, pigeni simu kliniki.

Akianza kutetemeka, mpimeni hapo hapo. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, au kama hamna mashine, mpeni maji yaliyokorogwa sukari vijiko vitatu vya chai, au nusu chupa ya soda isiyo ya "zero". Subirini dakika 15, pimeni tena, rudieni kama haijapanda, kisha ale chakula. Akipoteza fahamu msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Na hata akizinduka nyumbani, kuchanganyikiwa kama ulivyoeleza kunahitaji hospitali, kwa sababu dawa hizi zinaweza kuishusha tena saa kadhaa baadaye, wakati nyie mmeshalala.

Kwa hiyo kabla ya dozi inayofuata, wapigie kliniki au mpeleke leo. Beba mfuko wote wa dawa, pamoja na za presha na za mitishamba kama zipo, na vipimo vya sukari mlivyoandika vikiwa na saa zake. Mwombe daktari aandike kwenye kadi yake dawa zinazoendelea na zilizofutwa, kwa majina kamili. Zilizofutwa ziacheni huko huko famasia ya hospitali, zisirudi nyumbani.