Kipupwe, sinema na mbuzi wa 1998

Ukiwa Mtwara mjini mwezi wa Julai ukalalamika baridi, watu watakucheka wakiwa wamevaa fulana. Panda huku kwetu Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ulale usiku mmoja tu. Asubuhi ukungu unakuwa umefika mlangoni. Pale Shimo la Mungu, ambapo siku nyingine unaliona bonde la Ruvuma mpaka ng'ambo ya Msumbiji, huoni hata unapokanyaga. Watoto wanakwenda shule wamejitanda kanga za mama zao. Mimi huvaa masweta mawili, na la ndani silivui mpaka saa nne.

Nina kibanda cha kuonyesha mpira na sinema. Wengine huviita vibanda umiza, na kwa mabenchi niliyonayo siwezi kubisha. Kwa mwenye kibanda, kipupwe ni miezi ya njaa. Ligi za Ulaya zimefungwa tangu Mei, ya kwetu iko ukingoni, na mtaani pesa hakuna kwa sababu minada ya korosho ni mpaka Oktoba. Watu wako mashambani wanapulizia mikorosho salfa. Baridi hiihii inayotufanya tujikunyate, pamoja na umande wake, ndiyo inayoupa nguvu ubwiri unga, ugonjwa unaokula majani machanga na maua ya mkorosho. Basi mtu anaamka saa kumi na moja alfajiri, kabla upepo haujaanza, ili salfa ishike kwenye majani yenye umande. Jioni macho yanamwasha, mgongo umekatika kwa bomba, na mfukoni ana mia tano. Kumtoa mtu huyo kitandani kwake si kazi ndogo.

Haya ninayoandika ni kwa yeyote anayekusanya watu kipindi hiki, awe na kibanda au awe na televisheni sebuleni na majirani wengi.

Nianze na lisilohusu sinema. Usiingize jiko la mkaa ndani ukafunga milango. Mwaka 2011 niliweka majiko mawili, moja mbele, moja nyuma, nikajiona mjanja. Haikupita saa moja watu wakaanza kulalamika vichwa vinauma. Kijana mmoja akainuka aende nje, akaanguka mlangoni. Tukambeba hadi uwanjani, akapata hewa, akazinduka. Nilidhani ni njaa. Baadaye tabibu ndiye aliyenieleza kwamba mkaa unaowaka mahali palipofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mtu anasinzia na wenzake wanadhani kalala. Tangu siku ile jiko langu linakaa nje chini ya mwembe linachemsha chai ya tangawizi, na ndani watu wanapashana joto kwa kubanana. Kubanana kunatosha, na chai inauzika.

Sasa sinema. Watu huniuliza ni zipi zinajaza kibanda, nami huwajibu kwamba kujaa si hoja. Sinema za mapigano zinajaza, lakini zikiisha watu wanatoka kimya kama wametoka kwenye mazishi, kila mtu na njia yake, na birika langu linabaki limejaa. Sinema nzuri ya baridi ni ile inayowabakiza watu nusu saa baada ya kuisha, wanabishana. Filamu zetu za mapenzi zinaweza, hasa akina mama wakiwapo. Aprili 2012 alipofariki Kanumba nilionyesha kazi zake siku tatu bila kiingilio, na sijawahi kuuza ming'oko na chai kama siku zile. Lakini mimi nikiulizwa ninayoipenda kuliko zote, jibu langu halijabadilika tangu nimeanza kazi hii: Cool Runnings, ya mwaka 1993, ile ya Wajamaika wanne wanaokwenda kushindana kuteleza na kigari kwenye barafu.

Nimeionyesha mara nyingi kiasi kwamba diski ya kwanza iliisha mikwaruzo. Natafsiri mwenyewe kwa kipaza sauti, namwigiza Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa sinema, bila kuwa na kipaji chake. Mara ya kwanza mzee mmoja alinikatiza. "Barafu hiyo wanauza wapi?" Nikamwambia hawauzi, inaanguka kutoka juu. Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mchuuzi wa dawa za mvuto. Ila walipofika pale Wajamaika wanatoka nje ya uwanja wa ndege, wanakutana na baridi ya Canada, wanarudi ndani kuvaa kila nguo iliyomo kwenye mabegi, kibanda kizima kilianguka kwa kicheko, maana nusu ya waliokuwamo walikuwa wamevaa vivyo hivyo.

Habari yenyewe ina ukweli ndani yake. Jamaica ilipeleka kweli timu kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Calgary, Februari 1988, na kigari chao cha watu wanne kilipinduka njiani. Sinema inawaonyesha wakikibeba mabegani hadi mwisho. Kwa kweli walitembea kando yake. Napenda kuwaambia watu hilo mwishoni, kisha nawaacha wabishane lipi ni kubwa zaidi. Wengine husema nimewaharibia.

Kinachonirudisha kwenye sinema ile, hata hivyo, ni kocha wao. Kocha huyu ametungwa, hakuwapo. Ni bingwa wa zamani aliyewahi kufungiwa kwa kuficha vyuma ndani ya kigari. Huku kwetu hilo halihitaji maelezo marefu: mwulize yeyote anayeteremka na baiskeli kutoka Newala kwenda bondeni, akiwa na gunia la mihogo nyuma na siku akiwa mtupu. Gunia ndilo linaloikimbiza baiskeli. Ndiyo maana sheria za mchezo ule zinaweka kikomo cha uzito. Usiku wa kuamkia mashindano, kijana nahodha anamwuliza kocha kwa nini aliiba ilhali alikuwa tayari na medali. Pale huwa nakizima kipaza sauti. Wateja wa zamani wanajua. Wageni hudhani umeme umeleta hila.

Mwaka huohuo wa 1988, Septemba, kule Seoul, Ben Johnson alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.79, dunia nzima ikasimama. Siku tatu baadaye vipimo vikaonyesha stanozololi, dawa iliyokatazwa ya kutia misuli, akanyang'anywa medali, akapewa Carl Lewis. Johnson aliiwakilisha Canada, lakini alizaliwa Jamaica. Yaani ndani ya miezi saba, Wajamaika wanne walianguka Canada wakapigiwa makofi, na Mjamaika aliyekulia Canada akashinda Seoul akarudi nyumbani kwa aibu. Hili nimelihubiri kibandani mpaka wamenichoka. Najua mnataka nimtaje na Akhwari wetu wa Mexico 1968, aliyemaliza marathoni wa mwisho akiwa ameumia mguu. Nimemtaja.

Kwa nini kocha wa kutungwa ananizimisha kipaza sauti? Kwa sababu Julai 1998 mimi nilikuwa katibu wa timu ya mtaa wetu, na tuliingia fainali ya kugombea mbuzi. Mbuzi dume, mweusi, kafungwa kwenye mlingoti wa goli ili kila mchezaji amwone. Mshambuliaji wetu tegemeo alikuwa binamu yangu, na wiki ile malaria ilimlaza. Tukaleta mamluki kutoka Masasi. Orodha ya wachezaji niliandika mimi kwa mkono wangu, na kwenye nafasi ya mamluki nikaandika jina la binamu yangu. Alifunga mabao mawili. Tukiwa bado tunashangilia, mwanamke mmoja aliyekuwa anauza karanga pembeni ya uwanja akaanza kumwita kwa jina lake halisi, anamwuliza mama yake anaendeleaje.

Kamati ilikaa usiku, ikatuita asubuhi. Mbuzi alikuwa ameshakuwa supu. Timu ikafungiwa misimu miwili, hiyo ilikuwa haki yetu. Lakini jina lililokuwa kwenye karatasi lilifungiwa pia, na binamu yangu alikuwa ameitwa mwezi uliofuata akajaribiwe na timu moja ya Mtwara mjini. Walipopata habari, wakamwambia asisumbuke kuja. Nilikula paja zima la yule mbuzi.

Ushauri wangu wa pili kwa hiyo ni huu: unapoonyesha sinema au mechi yenye wizi ndani yake, wasaidie watu kutenganisha wizi na wizi. Julai 2, 2010, Kombe la Dunia, Suárez wa Uruguay alizuia mpira kwa mikono mstarini, dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza, Ghana wakiwa wanaingia nusu fainali. Kibandani kwangu mtu aliondoka bila kulipa na mwingine akavunja benchi. Nililia na mimi. Lakini baada ya miaka nasema hivi, na najua nitatukanwa: Suárez aliiba mbele ya mwamuzi, akapewa kadi nyekundu, Ghana wakapewa penalti, Gyan akaipiga mwamba. Deni lililipwa palepale hata kama hatukupenda malipo yake. Maradona mwaka 1986 alifunga kwa mkono, mwamuzi hakuona, naye akakimbia kushangilia. Dakika nne baadaye akafunga bao ambalo mpaka leo naliita bora kuliko yote niliyoyaona, na bado la kwanza nalihesabu kuwa baya kuliko la Suárez. Aliyejificha ana kosa la ziada. Vyuma vya kocha, sindano za Johnson na karatasi yangu ya 1998 viko kapu moja.

Ushauri wa tatu unahusu watani wa jadi, na hapa lazima uwe makini kwa sababu watu wanarushiana vikombe vya chai ya moto. Bahati mbaya au nzuri, masakata mawili makubwa ya karibuni ya Simba na Yanga yameishia kipupwe. Mechi ya Mei 8, 2021 ilikwama baada ya muda kubadilishwa kutoka saa kumi na moja jioni kwenda saa moja usiku. Yanga walifika kwa muda wa awali, wakaondoka. Ikachezwa Julai 3, Yanga wakashinda 1-0. Ile ya Machi 8, 2025 iliahirishwa baada ya Simba kusema wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani jioni ya kuamkia mechi. Ikachezwa Juni 25, Yanga 2-0. Sitasema mimi ni wa upande gani, ingawa rangi ya sweta langu la nje imeshatoboa siri.

Kibandani tuna sheria moja, na nakuomba uichukue: hakuna ruhusa ya kutaja kosa la upande wa pili kabla hujataja kosa moja la upande wako, la kweli, kwa sauti. Aliyeshindwa anakalia benchi la nje, kwenye ukungu. Utashangaa jinsi mabishano yanavyopoa. Mtu anakaa dakika tano anatafuta kosa la timu yake, akilipata hasira zimeisha, au anaomba chai. Mwaka 2025 sheria hii ilinusuru televisheni yangu, sina shaka.

Si mimi niliyeitunga. Aliitunga nahodha wa timu tuliyoila mbuzi wake. Tunamwita Nahodha mpaka leo, ingawa ana wajukuu, na yeye huniita Katibu, neno ambalo akilisema yeye lina mfupa ndani yake. Usiku wa Julai 2, 2021, nimemaliza kuonyesha Cool Runnings, watu wameshaanza kurushiana maneno juu ya mechi ya kesho yake, Nahodha akasimama na kikombe chake akasema sheria hiyo. Kisha akanigeukia.

"Anza wewe, Katibu."

Nikaanza. Nikasimulia mamluki, karatasi, mwanamke wa karanga. Wengi walikuwa wanaijua hadithi, wakacheka mahali pa kucheka. Nahodha akauliza mbuzi alikuwa na mafuta. Nikasema sana. Akasema alijua.

"Na yule binamu yako," akaongeza, "nilimwona mtu wa hovyo tangu siku ile. Kuuza jina lake kwa nyama!"

Ndipo nikagundua kwamba miaka ishirini na mitatu Nahodha aliamini binamu yangu alikubali. Pengine mtaa mzima uliamini. Nikamwambia hakuulizwa. Alikuwa kitandani anatetemeka, jina niliandika mimi, na alikuja kujua kwenye barua ya kufungiwa.

Nahodha akaweka kikombe chini. "Mpigie simu."

"Saa tano hii usiku, Nahodha?"

"Mpigie."

Nikatoka nikasimama penye jiko chini ya mwembe. Simu iliita mpaka ikakatika. Nilimpata asubuhi, yuko shambani, nasikia bomba linaunguruma nyuma yake. Akalizima. Nikamwambia yote, pamoja na kwamba jana yake nimeyasema mbele ya watu wote wa kibandani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza salfa huku kwetu mfuko umefika bei gani.