Jibu: Massospondylus alitembea kwa miguu miwili au minne?

Ndugu, umeuliza kama Massospondylus, yule dinosaria mla majani mwenye shingo ndefu wa Afrika Kusini, alitembea kwa miguu minne kama anavyochorwa kwenye vitabu vya zamani. Hapana, aliyekomaa alitembea kwa miwili. Ushahidi uko kwenye mifupa ya mkono: haikuweza kujizungusha kiasi cha kulaza kiganja chini, kwa hiyo mikono haikufaa kubeba mwili.

Utata ni kwa watoto, na hapo ndipo mnyama huyu ananivutia zaidi. Miaka ya 1970 mtafiti wa visukuku James Kitching aliokota mayai yake kwenye Hifadhi ya Golden Gate, Afrika Kusini, mayai yenye umri wa miaka milioni 190 hivi, vijusi vikiwa bado ndani! Kichwa kikubwa, mikono mirefu. Watafiti wakasema mwaka 2005 kwamba mtoto alitambaa kwa minne, kisha akasimama alipokua. Baadaye uchunguzi wa sikio la ndani, ambalo huashiria jinsi mnyama alivyoshikilia kichwa, haukuonyesha badiliko hilo, nami naona hoja hiyo ina uzito zaidi.

Mifupa ya kwanza, ambayo mwanasayansi Mwingereza Richard Owen aliipa jina mwaka 1854, iliteketea London kwa mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia. Inauma sana.