Sungura anang'oka manyoya: angalia kwanza upara uko wapi

Mkuu, umesema jike wako amebaki ngozi tupu kifuani na kuna mtu kakushauri umpake dawa ya viroboto ya mbwa. Tafadhali usimpake. Zile zenye fipronili, kemikali ya kuua wadudu, zinaweza kumuua sungura.

Nimefuga sungura miaka mingi, na mimi huanza na mahali penye upara. Kwa jike, kifuani, tumboni na chini ya kidevu mara nyingi ni kiota: anajing'oa manyoya ayatandike. Kama alipandwa na dume, atazaa karibu siku ya 31. Kama hakupata mimba ya kweli, basi ni mimba ya uongo, nayo huisha yenyewe baada ya siku 16 hadi 18. Utamwona anabeba nyasi mdomoni, anachimba pembeni mwa banda, na mpole anageuka mkali. Kiota chake usikivuruge, maana atang'oa mengine. Mmoja wangu alikuwa akirudiarudia hali hii mpaka alipotolewa kizazi. Upasuaji huo pia unamwepusha na saratani ya mfuko wa uzazi, ambayo huwapata sana majike wakizeeka.

Upara wa mgongoni au nyuma ya shingo wenye mba nyingi, shuku utitiri, vidudu vidogo sana vya kwenye ngozi. Choa huacha mabaka yenye magamba na humwambukiza binadamu, kwa hiyo nawa mikono. Kidevu kikilowa mate kila mara, tatizo liko kwenye meno.

Halafu papasa manyoya yaliyobaki. Yakiwa mafupi kama yaliyopitiwa na mkasi, yanatafunwa. Yakikatika kichwani, asipofikia kwa meno yake, anayetafuna ni mwenzake anayemtawala, wapanulie nafasi. Akijitafuna mwenyewe, mara nyingi amekosa nyasi kavu au hana la kufanya. Hapa ndipo wengi wanakosea: bakuli limejaa chakula cha punje, nyasi hakuna. Nyasi kavu ziwepo usiku na mchana, ndizo chakula chake kikuu. Na akikazania kulamba sehemu moja tu, pengine anaumwa hapo, ndani. Mtu wa kumpima ni daktari wa mifugo.

Sungura hatapiki, na manyoya anayomeza hupita tu iwapo utumbo unafanya kazi vizuri. Akigoma kula au asipotoa kinyesi kwa nusu siku, mkimbize kwa daktari siku hiyohiyo.