Maswali ya Wasomaji: Inveta Inayojizima Jua Likiwa Kali

SWALI: Nyumba nane mtaani kwetu zina sola kwenye laini moja ya volti 230. Yangu ni ya mwisho. Jua likipanda, inveta yangu, kifaa kinachogeuza umeme wa sola kuwa wa kutumika nyumbani, hujizima, huwaka, kisha hujizima tena. Imebadilishwa, hali ni ile ile. Tumeshauriwa tununue mtambo wa kuongoza sola zote kwa pamoja. Tununue?

JIBU: Msinunue kwanza. Pimeni volti saa sita mchana, kwenye inveta yako na pale waya wako unapoungana na laini, kwa wakati mmoja. Ili umeme utoke kwako, volti zako lazima zizidi za laini, na waya mwembamba huzipandisha mno. Tuseme ni wa shaba, milimita za mraba 4, urefu wa mita 60. Kwenda na kurudi ni mita 120, ukinzani kama omu 0.55. Ampea 20 zikipita, volti zinapanda 11. Laini ikiwa na 243, wewe una 254, na inveta nyingi hujikata zikipita 253. Kwa waya wa milimita za mraba 16 zingepanda chini ya 3. Kazi hiyo aifanye fundi umeme mwenye leseni.

Kisha tazameni betri za nyumbani, kama mnazo. Betri ya kilowati-saa 5 ikichajiwa kwa kilowati 2.5 tangu asubuhi, hujaa kabla jua halijafika utosini, na umeme wote wa mchana unarudi kwenye laini. Wekeni kikomo cha kilowati 1 ili ichaji mpaka alasiri. Pampu na hita za maji nazo ziwashwe mchana, kwa kupokezana.

Baada ya hapo, ruhusuni inveta zipunguze nguvu taratibu kuanzia volti 248, badala ya kukatika ghafla. Kasoro yake ni kwamba wa mwisho ndiye atakayepunguza zaidi, na hiyo si haki. Hapo ndipo mtambo wa pamoja unapofaa: huziagiza nyumba zote zipunguze kwa asilimia iliyo sawa. Hakikisheni kila inveta inaweza kujiongoza mawasiliano yakikatika. Mtambo usiotimiza sharti hili msiulipie.

SWALI: Gridi ikikatika tunatumia betri ya mtaa. Ikijaa, sola zote huzimika kwa pamoja. Kwa nini?

JIBU: Inveta ya betri haina pa kuupeleka umeme wa ziada, hivyo hupandisha masafa, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, juu ya hezi 50 ili sola zipunguze. Zenu huenda zina mpangilio wa zamani wa kukatika zote kwenye hezi 50.2. Ujerumani ilikuwa na tatizo hilo hilo kwenye gridi ya taifa, na mwaka 2012 ikatunga kanuni ya kurekebisha inveta zilizokwisha kufungwa. Chagueni mpangilio wa kupunguza taratibu: kwa kawaida ya huko, asilimia 40 kwa kila hezi inayozidi 50.2. Halafu linganisheni: upeo wa masafa ya inveta ya betri uwe ndani ya masafa ambayo sola hupunguza taratibu.