Umri wa daiki: jibu kwa aliyeuliza kuhusu Bukini

Ndugu wa Malindi umeuliza: wamejuaje kuwa Bukini (Madagaska) ilishikana na pwani yetu, na je, ukichimba Lamu utazipata hizo daiki zinazopimwa umri?

Lamu huzipati. Juu ni matumbawe na mchanga, chini ni tope lililotuama kilomita kadhaa. Mimi nilizifuata Botswana nilipokuwa nasoma.

Daiki ni uji wa mawe yaliyoyeyuka uliopanda kwenye ufa ukagandia humo humo. Ukuta wa nyumba zetu ukipasuka, fundi akaujaza chokaa, unajua chokaa imekuja baada ya ukuta, na ufa unakuonyesha ukuta ulivutwa upande gani. Bara likivutwa hupasuka vivyo hivyo. Daiki za Okavango, huko Botswana, zimefuatana zaidi ya kilomita 1,000, na nyingi zina miaka takriban milioni 179, Gondwana, lile bara kuu la kale lililoshikanisha Afrika, Bukini na India, ilipokuwa inaanza kuachana. Nyingi, si zote! Baadhi, zenye mwelekeo uleule na weusi uleule, zilipopimwa zilikutwa na miaka kama bilioni 1. Ndiyo maana simwamini mtu anayeunganisha mabara kwa kutazama mistari ya ramani tu.

Saa yenyewe ya kupimia umri ni badeleiti, fuwele ndogo ndani ya daiki ambayo ikikua hupokea madini ya urani na kuikataa risasi (ledi, ile metali). Kwa hiyo risasi utakayoikuta ndani imezaliwa humo. Urani iko ya aina mbili: nusu ya urani 238 hugeuka risasi kwa miaka bilioni 4.47, ya urani 235 kwa milioni 704: saa mbili ndani ya chembe moja, moja ikidanganya nyingine inaiumbua.

Kuipata sasa! Mara ya kwanza nilivunja pembezoni mwa daiki, kwa uvivu, maana palimeguka upesi. Nikaponda, nikaosha kwenye meza inayotikisika kama mtu anayepeta mchele, nikaambulia patupu. Pembezoni uji hupoa haraka, fuwele hazipati muda wa kukua. Nikarudi na nyundo katikati, penye chembe kubwa kubwa, nikapata 17, kila moja chini ya sehemu ya kumi ya milimita. Ukipiga chafya umepoteza kazi ya mwezi.

Ama Bukini, ushahidi wake mkubwa uko chini ya bahari mbele ya Somalia. Mistari ya sumaku iliyogandia kwenye mawe ya sakafu ya bahari inaonyesha Bukini ilianza kuteleza kusini miaka kama milioni 160 iliyopita, ikatulia kwenye milioni 120 hivi. Daiki za Bukini kwenyewe zenye miaka kama milioni 90 ni za talaka nyingine, ile ya kuachana na India.