Ukienda kula Gasthaus, uliza

Wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba mgeni hachagui chakula. Unakaribishwa, unanawa, unakula ulichoandaliwa, na kama kuna kitu hukipendi unakisogeza pembeni bila mwenyeji kujua. Ni adabu nzuri na sitaki mtu aiache. Lakini ukiingia nayo kwenye mgahawa wa kiasili wa Kijerumani, ule wanaouita Gasthaus au Wirtshaus, unaweza kutoka umekula usichokitaka, tena baada ya kukaa nusu saa ukisubiri bili ambayo hakuna aliyekuwa na nia ya kukuletea. Huku mhudumu hakisii shida yako. Anasubiri useme. Na ukisema, hata ombi lako likiwa refu na lenye masharti, hakuna anayekunja uso.

Naishi Nürnberg, kaskazini mwa jimbo la Bavaria, sehemu wanayoiita Franken. Kila nikipokea ndugu kutoka nyumbani napenda kuwapeleka Gasthaus, kwa sababu huko ndiko unakomwona Mjerumani akiwa ametulia na watu wake. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayowaambia kabla hatujatoka.

Kwanza, saa. Gasthaus nyingi, hasa za vijijini, hazipiki mchana kutwa. Jiko hufunguliwa kama saa tano na nusu, hufungwa saa nane, kisha huwashwa tena saa kumi na moja au kumi na moja na nusu jioni. Ukifika saa tisa na njaa yako utapewa kahawa na kipande cha keki, basi. Usiku nako, ikikaribia saa tatu mpishi anasafisha jiko. Kuna pia siku ya mapumziko, Ruhetag, ambayo mara nyingi ni Jumatatu au Jumanne, na imeandikwa mlangoni. Ukiona maneno "durchgehend warme Küche" ujue hapo wanapika bila kukatiza. Jumapili mchana familia nzima hutoka pamoja, bibi na babu na wajukuu, kwa hiyo piga simu mapema uwekewe meza, na ukipata dharura piga tena useme huji. Hilo wanalithamini sana.

Ukiingia, salimu. Kwetu Franken watu husema "Grüß Gott" hata kwa wasiowajua, na waliokaa meza ya jirani watakuitikia. Sehemu nyingi unajitafutia meza mwenyewe, ila angalia vitu viwili: kibao kidogo kilichoandikwa "Reserviert" na saa, na kingine kilichoandikwa "Stammtisch". Hicho cha pili ni meza ya wenyeji, watu wanaokutana hapo kila wiki, pengine miaka na miaka, na haikaliwi na mgeni hata kama ukumbi mzima umejaa. Meza nyingine ndefu yenye nafasi unaweza kukaa na watu usiowajua. Uliza tu kama pako wazi. Watakukubalia, mtatakiana "Guten Appetit", na baada ya hapo kila mtu ana mazungumzo yake. Usishangae pia ukikuta mbwa amelala chini ya meza ya jirani. Mbwa wanaruhusiwa kwenye migahawa mingi, na kama wewe au mzee uliyeongozana naye hampendi kuwa karibu naye, mwambie mhudumu kabla hujakaa akupe kona nyingine.

Maji hayaji yenyewe mezani na si ya bure. Ukiagiza maji bila kufafanua utaletewa ya gesi, maana ndiyo wanayoyapenda. Kama unataka ya kawaida sema "stilles Wasser". Asiyekunywa bia asijione mnyonge, kwani karibu kila Gasthaus ina Apfelschorle, juisi ya tofaa iliyochanganywa na maji ya gesi, na utawaona wanaume wazima wameshikilia glasi kubwa ya nusu lita wakiinywa. Kikapu cha mkate au Brezel kikiwa mezani, uliza kama unalipia. Sehemu nyingi za Bavaria huhesabiwa kila kimoja ulichokula.

Sasa nguruwe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ndugu zangu wengi wanapopata wasiwasi na wana haki ya kuupata.

Jiko la Kijerumani la kiasili limejengwa juu ya nguruwe, na si nyama yake peke yake. Kuna Speck, vipande vidogo vya nyama yenye mafuta iliyokaushwa kwa moshi, na kuna Schmalz, mafuta yake. Viwili hivi huingia mahali ambapo huwezi kuviona. Viazi vya kukaanga, Bratkartoffeln, mara nyingi vina Speck. Supu ya viazi vilevile. Kabichi nyekundu hupikwa na Schmalz kwenye majiko mengi, na ile chachu, Sauerkraut, huweza kuwa na Speck na mvinyo pamoja. Saladi ya viazi ya kusini mwa Ujerumani haina mayonezi. Hutiwa siki na supu ya nyama ya moto. Soseji nyeupe ya München, Weißwurst, watu huidhania ni ya ndama mtupu kwa rangi yake, kumbe ndani mna mafuta ya nguruwe.

Halafu Schnitzel. Kanuni za vyakula za huku zinalinda jina "Wiener Schnitzel", kipande chembamba cha nyama kilichopakwa chenga za mkate na kukaangwa: lazima iwe nyama ya ndama. Lakini menyu ikiandika "Schnitzel Wiener Art", yaani kwa mtindo wa mji wa Wien (Vienna), basi karibu kila mara ni nguruwe. Na hata ile ya ndama, uliza imekaangwa kwa mafuta gani.

Wengine hutegemea zile herufi na namba ndogo zilizoko pembeni mwa majina ya vyakula. Zile hazikusaidii kwenye hili. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka mgahawa utaje vitu 14 vinavyosababisha mzio, kama ngano, mayai, maziwa, karanga na samaki. Nguruwe hayumo kwenye orodha hiyo, na pombe pia haimo.

Kwa hiyo uliza kwa mdomo. Maneno ni haya: "Ist da Schweinefleisch drin?", yaani humo mna nyama ya nguruwe? Halafu ongeza: "Auch kein Speck?", yaani hata Speck hamna? Itaje Speck kwa jina lake, kwa kuwa wapo wahudumu ambao ukisema nyama wao wanafikiria pande kubwa la kukata kwa kisu, vile vipande vidogo wanaviona ni kiungo. Na anayefuata uchinjaji wa halali ajue kwamba nyama ya Gasthaus ya kawaida, iwe ng'ombe au kuku, haikuchinjwa hivyo. Kwake kimbilio ni samaki na vyakula visivyo na nyama.

Na samaki wao ni wazuri kweli. Mjomba wangu, mtu wa Tanga na mtu wa msikitini, alipokuja tulikwenda kijiji kimoja nje ya mji. Alitaka kujua kila kitu: mafuta gani, kikaango gani, sosi ina mvinyo au haina. Mimi natafsiri, mhudumu, mama wa makamo, anasikiliza. Hakujibu kwa kubahatisha. Alikwenda jikoni, akarudi na jibu kamili: trauti hupakwa unga na kukaangwa kwa siagi kwenye kikaango chake peke yake, haina mvinyo, na akapendekeza saladi ya viazi ibadilishwe kwa viazi vya kuchemsha vilivyonyunyiziwa majani ya parsley, maana saladi ina supu ya nyama. Hilo la supu wala sisi hatukuwa tumeliuliza. Samaki akaja mzima na kichwa chake, ngozi imekauka rangi ya dhahabu, kipande cha ndimu juu yake, na sahani tupu ya kuwekea miba. Mjomba alipoanza kukifumua kichwa, mzee wa meza ya jirani akamwashiria kwa kidole shavu la samaki, akatikisa kichwa kwa kuridhia. Hawakuwa na lugha moja, lakini wote wawili walijua utamu uko wapi.

Samaki huyo huitwa "Forelle Müllerin", na utamkuta Ujerumani karibu nzima. Kwetu Franken kuna na Karpfen, samaki wa mabwawani, ambaye huliwa kuanzia Septemba hadi Aprili. Hupasuliwa katikati kuanzia kichwani hadi mkiani, nusu moja hukaangwa hadi mapezi yanakauka na kuliwa kwa kutafunwa. Ana miba mingi, ila mtu aliyekulia kando ya ziwa au bahari haogopi hilo. Asiyetaka samaki aagize Käsespätzle, tambi fupi za mayai zilizochanganywa na jibini ya kuyeyuka na vitunguu vya kukaanga juu. Hiyo nayo uliza Speck, kwani wengine huweka.

Wapenzi wa kitimoto sasa. Nyinyi mko nyumbani. Kwetu hapa agizeni Schäufele, bega la nguruwe linalookwa kwa saa kadhaa na mfupa wake mpana, ngozi yake ikapasuka na kuwa ngumu ya kuvunjika. Linakuja na mchuzi mweusi na Kloß, donge kubwa la viazi. Kloß huliwa kama ugali, kazi yake ni kubeba mchuzi, na wenyeji hawalikati kwa kisu, wanalipasua kwa uma ili linywe mchuzi vizuri. Soseji ndogo za Nürnberg, urefu wake kama kidole, huuzwa kwa hesabu: sita, nane, kumi, kumi na mbili. Sita zinatosha kwa mchana.

Usiishie kwenye menyu kubwa. Tazama ubao wa chaki au karatasi iliyobandikwa kwa klipu, hapo ndipo panapoandikwa vya msimu, na mimi karibu siku zote naagiza kutoka hapo. Kuanzia Aprili hadi Juni 24 ni asparaga nyeupe, mboga ya mashina marefu, na Wajerumani huingojea kwa hamu. Asiyekula nguruwe achukue ile ya sosi ya siagi na viazi, maana nyingine huja na paja la nguruwe. Kiangazi huja uyoga wa njano wa porini. Ikikaribia Novemba 11, siku ya Mtakatifu Martin, ni bata bukini na kabichi nyekundu.

Nilisema mhudumu anasubiri useme. Wanaokaa mji wa Köln wataniambia kwao si hivi, na ni kweli. Kwenye kumbi za bia za Köln mhudumu, anayeitwa Köbes, hukuletea Kölsch, bia ya huko, kwenye glasi nyembamba ya desilita 2, na ukimaliza anaweka nyingine bila kukuuliza, anachora mstari kwenye kikadi kilicho chini ya glasi yako. Ukitosheka, funika glasi kwa kile kikadi. Huko kunyamaza maana yake umekubali. Pia "Halver Hahn" kwenye menyu yao si nusu kuku kama jina linavyosikika. Ni mkate wa rai, nafaka inayofanana na ngano, na jibini.

Ukimaliza kula, laza kisu na uma sambamba kwenye sahani. Ukiviacha vimepishana, mhudumu anaelewa bado unaendelea. Atakuuliza kama chakula kilikuwa kizuri, na hapo usijibu kwa adabu tu. Kama nyama ilikuwa imepoa, sema, tena ni bora useme mapema chakula kikiwa bado mezani. Kikibaki kingi, na hubaki maana sahani zao ni kubwa, omba ufungiwe: "Können Sie das einpacken?" Haina aibu yoyote. Kwa watoto, tafuta "Räuberteller", sahani tupu na uma ambayo mtoto hupewa ili agawane na wazazi.

Bili haiji mpaka uiite. Kwao kukuletea bili hujaiomba ni kama kukufukuza. Sema "Zahlen, bitte." Atauliza "Zusammen oder getrennt?", yaani mnalipa pamoja au kila mtu chake. Mkilipa mbalimbali, kila mmoja anataja alichokula, na mhudumu anapiga hesabu papo hapo. Mwambie mgeni wako mapema kwamba utamlipia wewe, la sivyo atashangaa kuwaona marafiki wa meza ya pili wakihesabiana sarafu.

Bakshishi ni asilimia 5 hadi 10, na haiachwi mezani. Unataja jumla unayotaka kulipa kabla hajatoa chenji. Bili ikiwa euro 27.40, unampa noti na kusema "dreißig", thelathini. Kama pesa uliyotoa ni sawasawa na ulichokusudia, sema "Stimmt so". Beba pesa taslimu, hasa ukienda vijijini, kwa sababu bado zipo Gasthaus zisizopokea kadi, na mashine ya kutolea pesa huenda iko kijiji cha pili.

Anayekwenda mara ya kwanza namshauri achague mchana wa siku ya kazi, si Jumamosi usiku. Kuna nafasi, mhudumu hana haraka, na chakula cha siku huwa na bei nafuu kuliko cha jioni. Fika kabla ya saa sita, ambapo jiko bado lina utulivu na mpishi ana muda wa kujibu maswali yako.